Ndoa ya Desemba

Huruma, Nairobi
8 Juni 2025

Kwa Mama Kavutha,

Nakusalimu wewe na boma lote hadi mbuzi. Mimi niko sawa kabisa, nguvu ninazo kushinda vijana, ni masikio tu yameniacha. Hata lile la kushoto lililokuwa limebaki limekufa. Daktari alilichungulia na taa yake akaniandikia kwa karatasi ati nyundo za Kamukunji zimemaliza kazi. Nikamwambia zimemaliza kazi gani na mimi bado nagonga? Kutoka Gikomba mpaka Kariokor hakuna mtu anakunja bati la sanduku la shule kama mimi Ngui. Watoto wa wabunge wameenda shule na masanduku yangu, na hakuna hata mmoja amerudi kusema kifuniko kimekataa kufunga.

Ndiyo maana nimerudia barua kama zamani. Simu siisikii, na zile herufi zake ni kama sisimizi. Kavutha alikuwa anatoka kwake Pipeline kuja kunipigia maneno yako sikioni, lakini mengine si ya binti kumpigia baba yake kelele kwenye ngazi, ghorofa nzima ikisikiliza. Nimeongea na Awale. Akija Eastleigh kununua mali ya duka lake la Mutomo atanipitia hapa achukue barua, na yako atakuja nayo. Mimi shule niliacha darasa la tatu, lakini mwandiko wangu unasomeka. Ulisema wewe mwenyewe mwaka ule wa kwanza.

Sasa jambo lenyewe. Jumapili nilikuwa nimekaa chumbani nikaona kivuli mlangoni. Vijana wawili, shati nyeupe, tai, kibao cheusi cha jina kifuani. Mmoja ni Mganda, Okello. Wa pili ni mzungu, Larsen, mrefu mpaka aliinama kwa mlango. Wamepanda mpaka ghorofa ya tano kunitafuta mimi. Na unajua wanaitwaje? Mzee. Mzee Okello, Mzee Larsen, na kidevu ni laini kama cha mtoto. Nilicheka mpaka jirani akatoka kuangalia. Nikawaambia mzee hapa ni mimi, hiyo cheo mliinunua wapi?

Walipoona sisikii hawakufanya kama watu wa kanisa letu, ambao hunipungia mkono wakapita kwenda kukaa mbele. Yule Mganda alitoa daftari akaandika herufi kubwa kama za ubao. Nasoma, najibu kwa mdomo, anaandika tena. Tulikaa hivyo mpaka jua likapanda. Mama Kavutha, tangu masikio yaende hakuna mtu amekaa na mimi hivyo.

Ni wale watu wanaitwa Mormoni. Jina lao kamili ni refu, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Waliandika kitu nikadhani nimesoma vibaya, nikawaambia rudia. Kwao mume na mke hawaunganishwi mpaka kifo kiwatenganishe. Wanaunganishwa milele. Unabatizwa, unakaa mwaka mmoja ukiwa mtu wao mwema, halafu unaingia hekalu lao na mke wako, liko hapa hapa Nairobi, mnapiga magoti mmevaa nyeupe, na kile kinachofungwa pale hata kaburi haliwezi kufungua.

Wewe unanijua, mimi sirukii kitu. Napima. Upande huu wanakataza chai ya majani. Kahawa pia, na tumbaku, na uki. Hebu fikiria mzee kama mimi kwenye harusi ya Ukambani, wenzangu wanapewa hiyo pombe ya asali, mimi napewa maji. Halafu wazee wa kanisa letu la AIC watasema nini, na siku ya kunizika nani atasimama? Upande ule kuna hiyo milele tu. Ni neno moja lakini nikiliweka kwa mizani linashuka lenyewe.

Naona ni jambo zuri. Nimekueleza ujue.

Mumeo wa ndoa,
Ngui Mutua, Fundi Mkuu


Mutomo
22 Juni 2025

Kwa Baba Kavutha,

Barua yako Awale alinipa mkononi, na sukari kilo moja akisema umelipa wewe. Ahsante. Pole kwa sikio la kushoto.

Huku tumevuna ndengu. Si nyingi kama mwaka jana lakini zimekauka vizuri. Mbuzi mweupe amezaa mapacha, mmoja ni dhaifu, namnyonyesha kwa chupa. Paa la jikoni limeanza kuvuja pale pembeni ulipopaka lami Desemba. Nimeweka sufuria chini.

Hiyo habari ya wale vijana nimeisoma mara mbili. Umesema wanakataza chai. Ukija nyumbani utakunywa nini asubuhi? Hapa mgeni akiingia akinyimwa chai huona amefukuzwa, na wageni wako wewe ni wengi. Uniambie mapema nijue la kununua.

Nimesikia kuwa unapima. Pima vizuri.

Ni mimi,
Saru


Huruma, Nairobi
6 Julai 2025

Kwa Mama Kavutha,

Nilijua tu. Nilipofika pale umeuliza nitakunywa nini asubuhi, nikasema huyu mwanamke ameshakubali, sasa anapanga jikoni. Mwanamke mwingine angepiga kelele na kuita wazee. Nimewaambia wale vijana, mke wangu Saru amekubali kwa moyo wote. Mzee Okello aliruka, aliniandikia neno moja tu, akalipigia mstari chini mara tatu: AJABU. Mzee Larsen alitoka nje akarudi macho mekundu. Hao watoto ni wa moyo laini sana.

Nimeenda kanisani kwao Jumapili mbili. Hakuna ngoma, hakuna mtu kuruka. Waliniweka mbele na mwanamume mmoja mwenye miwani akakaa kando yangu, kila kitu kinachosemwa ananiandikia. Mke wa mtu alipolia akisimulia mambo yake, aliniandikia pia: sasa analia. Mimi nikajua na mimi nilie. Kwa kanisa letu huwa naangalia migongo, nangoja watu wasimame ndiyo nisimame.

Chai nimeacha. Kichwa kiliniuma wiki nzima, nikagonga bati nikiwa na kichwa hicho hicho na sikukosea hata kona moja. Mtu mwingine angelazwa. Vijana wa Kamukunji wananicheka, wananiita Askofu, yule mama wa chai akipita wananionyesha kwa kidole, ati pita mbali na huyo, ni mali ya wazungu. Waache, watajua siku ya mwisho nani alikuwa fundi.

Mzee wa kanisa letu hapa Huruma pia alikuja. Alikuwa na mengi, midomo ilienda sana, lakini kalamu hakuleta, kwa hivyo sikupata alichosema.

Ubatizo wangu wameuweka Septemba. Na sikiliza jambo zuri. Nimewapa jina lako na mahali petu, na wana wenzao Kitui. Watakutembelea nyumbani wakufundishe polepole, ili mwaka ujao tuingie hekalu pamoja. Ni watu wa heshima. Uwakaribishe, uwape uji.

Mumeo wa milele, naweza kusema,
Ngui Mutua, Fundi Mkuu


Mutomo
20 Julai 2025

Kwa Baba Kavutha,

Barua yako ya tarehe sita imenifikia jana. Lori la Awale liliharibikia njiani, akakaa kwa ndugu zake Mwingi. Hao vijana wa Kitui walifika kabla ya barua. Kwa hivyo nakueleza yaliyotokea, na usome mpaka mwisho.

Nilikuwa napepeta ndengu. Nikaona wanaume wawili wamesimama langoni na shati nyeupe na tai nyeusi, jua la saa tano. Huku hakuna mtu huvaa hivyo siku ya kazi. Mmoja akainamisha kichwa akauliza kama mimi ni mke wa Mzee Ngui wa Nairobi. Nikasema ndiyo. Akaweka mkono kifuani akasema, “Mama, tumetumwa kwako kuhusu mume wako, na kuhusu milele.”

Ungesikia nini wewe? Mimi nilikaa chini juu ya ndengu.

Mama Ndunge alikuwa upande wake wa ua. Akapiga yowe lile analopiga yeye. Kabla sijainuka boma limejaa. Watu wakaleta viti, akina mama wakaingia jikoni, mtu akafunga ng'ombe. Na wale vijana, Baba Kavutha, wao wakadhani wamekuta msiba wetu. Wakavua kofia, wakakaa kwenye benchi na wanaume, mikono katikati ya magoti, wakaomboleza pamoja nasi mpaka saa nane. Mmoja alilia. Walipewa githeri wakala kwa huzuni. Wao wanangoja msiba wetu uishe, na sisi tunawangoja wao waseme mwili uko wapi.

Ni Mwalimu wa kanisa aliyepata akili ya kumpigia Kavutha Pipeline. Kavutha akasema ametoka Kamukunji sasa hivi, baba anagonga sanduku na anagombana na mteja. Watu walicheka wakaanguka. Mama Ndunge alinikumbatia akisema Mungu amekurudishia mume. Vijana waliomba msamaha mpaka nikawahurumia.

Hiyo ni sehemu ya kuchekesha. Sasa nyingine.

Tulipokuwa tunaomboleza, Mwalimu alikaa karibu nami kupanga ibada. Aliniuliza ulipenda wimbo gani. Nikamwambia siujui. Akauliza ulikuwa unaugua nini, nikasema masikio. Akauliza ulisema uzikwe upande gani wa boma. Akauliza siku za karibuni ulikuwa unakula nini, unalala saa ngapi, rafiki yako mkubwa ni nani aitwe. Mwishowe nikamwambia awaulize watu wa Nairobi. Aliniangalia kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Usifikiri sikulia. Nililia. Lakini niliyekuwa namwona ni yule kijana aliyekuja kunichukua kwetu Wundanyi, amebeba begani sanduku la bati alilolitengeneza mwenyewe, limepakwa rangi ya kijani, na mama yangu akamwuliza kama amekuja kuoa au kuuza. Huyo ndiye niliyemlilia. Uso wako wa sasa niliutafuta, na haukuja upesi.

Uliwaambia nimekubali. Mimi niliuliza habari ya chai.

Saru


Huruma, Nairobi
3 Agosti 2025

Mama Kavutha,

Barua yako imenifanya nikose kazi siku mbili. Mimi, Ngui.

Mtu akikataa husema nakataa. Ulikuwa na mdomo na kalamu, ukaandika habari ya mbuzi na sufuria. Mimi ningejua vipi? Halafu unanizika nikiwa hai, unalisha kijiji githeri, na bado kosa ni langu.

Ati hukujua wimbo. Si ungeuliza? Ni ule wa kuvuka mto, naupenda tangu nikiwa mtoto, ingawa sasa nausikia kichwani tu. Nakula ugali na sukuma, Ijumaa matumbo. Nalala saa mbili kwa sababu hakuna wa kuongea naye. Rafiki yangu mkubwa alikuwa Muturi wa majiko, tuliyekuwa tunagonga naye mabati ubavu kwa ubavu, alikufa wakati wa korona na nilikuambia, labda umesahau. Nizikwe kando ya mama. Hiyo ndiyo yote, mpe Mwalimu, aweke.

Na uso wangu unasema haukuja. Masikio haya yalikufa kwa ajili ya nani? Mabati ya nyumba unayolala yalitoka wapi? Kavutha alisomeshwa na nani mpaka chuo? Kila nyundo niliyopiga ilikuwa inakuja huko Mutomo. Wenzangu walioa wa pili hapa hapa Huruma, wanapikiwa jioni. Mimi nimejipikia maisha yote nikisema nina mke nyumbani. Kila mtu Kamukunji anajua jina lako. Waulize ni fundi gani hana mwanamke mjini, wote watakuonyesha mimi.

Tena nikueleze jambo, kwa sababu umeamua kuwa mgumu. Hao vijana waliniambia hata mtu akifa bila kukubali, baadaye mwingine anaweza kuingia majini kubatizwa kwa jina lake, na kuunganishwa kunafanywa kwa niaba yake. Kwa hivyo hata ukikataa leo, ukinitangulia kufa nitakwenda na jina lako na itafanyika. Wanasema huko roho huulizwa kama inataka. Sawa, utaulizwa huko. Mimi najua utakubali, kwa sababu huko hakuna Mama Ndunge wa kukutia maneno.

Ngui Mutua


Mutomo
17 Agosti 2025

Kwa Baba Kavutha,

Kwa hivyo huko nikiwa maiti nitaulizwa. Hapa nikiwa hai hukuniuliza.

Nimeona afadhali nikuandikie bila kuzunguka, kwa kuwa nilipozunguka ulisoma ndiyo. Mama Ndunge hajui ninachoandika. Nimekaa jikoni peke yangu.

Uliyofanya yote nayajua. Sijawahi kusema hukufanya. Mabati nayaona kila siku nikiamka, na nikisikia mvua juu yake nasema ahsante Ngui, hata kama hukuwahi kunisikia. Na habari ya wanawake wa mjini nilikuamini bila kuuliza mtu. Sina neno baya juu yako. Muturi pia sikumsahau. Nilijua ni mtu unayefanya kazi naye. Hukuniambia kuwa ni rafiki.

Lakini unaniuliza habari ya milele, basi na mimi nimepima. Uliniacha hapa wiki tatu baada ya harusi. Sikujua Kikamba. Nilikuwa nikitaka maji nanyoosha kidole. Ulirudi Desemba, ukaondoka Januari, na ndivyo ilivyokuwa tangu hapo, mwezi mmoja kila mwaka, na mwaka mwingine haukutimia kwa sababu shule zinafunguliwa na masanduku yanatakiwa. Nilizaa Kavutha wewe uko huko. Nilizika yule wa pili wewe uko huko, ukatuma sanduku dogo, na lilikuwa zuri sana, watu wote walilisifu.

Aliyekuwa hapa ni mama yako. Yeye ndiye aliyenifundisha Kikamba, akinicheka. Mwaka wa njaa tulilala kitanda kimoja mimi na yeye na mtoto katikati tupate joto, na alikuwa ananidanganya kuwa ameshakula. Nilimwosha mpaka siku yake ya mwisho. Wimbo wake naujua. Chakula chake, usingizi wake, upande aliopenda kulalia, yote nayajua. Kama hao vijana wangekuja wakaniuliza, Saru, ni nani hapa duniani unataka kuwa naye bila mwisho, ningemtaja mama yako, Kavutha mkubwa, kabla sijakufikiria wewe. Nisamehe. Ndivyo ilivyo, na nimekaa na karatasi hii muda mrefu nikijaribu kuliandika kwa namna nyingine.

Sikuchukii. Wewe ni mume wangu. Ila milele ni kila siku, na mimi nawe hatujawahi kuwa na kila siku. Sijui kama ningekupenda Februari.

Ubatizo wako ni wako. Kama wale watu wanakuandikia na kukaa nawe, nenda. Sitakuzuia wala sitakuonea aibu. Ila jina langu litoe.

Saru


Huruma, Nairobi
12 Oktoba 2025

Kwa Saru,

Awale amepita hapa mara tatu na nimemwambia sina barua. Si kwamba nilikuwa na hasira. Siku za kwanza nilikuwa nayo, halafu ikaisha na nikabaki na barua yako.

Ubatizo wa Septemba haukufanyika. Niliwaambia vijana nina mafua. Waliniletea machungwa. Halafu nikaona aibu ya kula machungwa ya watu niliowadanganya, nikamwita Mzee Okello nikamwambia ukweli, kwamba mke wangu hakuwahi kukubali, kwamba nilijisifu. Nilidhani watafunga daftari waende. Aliandika: Asante kwa kutuambia. Halafu akakaa tu. Mzee Larsen yeye amehamishiwa mahali pengine, sikumuaga vizuri.

Kavutha alikuja na watoto. Nikamwuliza anakumbuka nini juu yangu akiwa mdogo. Nilitarajia aseme mambo mengi, unajua nilivyokuwa naingia Desemba na mkate na nguo. Aliandika kwa simu yake akanionyesha, herufi amezikuza: Harufu ya rangi ya kijani. Nikangoja aendelee. Akairudisha simu mfukoni akaanza kuniosha vyombo.

Nimefikiria hivi. Kibanda changu kuna kijana anakitaka. Nikifunga, nije nyumbani nikae. Si mwezi. Nikae kabisa, Februari na Machi na hiyo mingine yote. Mkono umechoka, ingawa bado hakuna wa kunishinda. Nitatengeneza hilo paa la jikoni sawasawa. Utanijua, na mimi nitakujua. Ukitaka kuongea nami utaandika kwa ubao, nitanunua chaki.

Safari hii nauliza. Nije?

Ngui


Mutomo
26 Oktoba 2025

Kwa Ngui,

Barua hii nimeipenda kuliko zote ulizowahi kuniandikia, na kwa hivyo inaniuma kuijibu.

Usifunge kibanda. Njoo Desemba, kama siku zote.

Nimekaa nikijaribu kukuweka ndani ya nyumba mwezi wa Februari. Naamka kabla ya jua, naongea na mbuzi, naimba, nakula nikisimama. Jioni nafunga mlango na ninalala katikati ya kitanda. Nimejifunza maisha haya nikiwa msichana kwa sababu sikuwa na mengine, na nililia sana nikijifunza. Sasa nimeyajua. Kuyaacha nianze kumwandikia mwanamume ubaoni sina tena nguvu hiyo. Ningekuwa na miaka thelathini ningekimbia mpaka barabarani kukupokea. Nilikuwa na thelathini, Ngui, na nilikuwa natazama barabara.

Mwezi mmoja najua kuwa mke wako. Nakufulia vizuri, nakupikia, tunakaa nje jioni, unawasimulia watu habari za masanduku nami nacheka mahali pa kucheka. Mwezi huo ni wa kweli. Usidhani nilikuwa naigiza.

Na paa Mwalimu amenitengenezea.

Saru


Huruma, Nairobi
16 Novemba 2025

Kwa Saru,

Nimepata jibu lako. Nimelisoma kibandani, vijana wakauliza kama kuna kifo nyumbani, nikasema hapana.

Jumamosi nimebatizwa. Nilipima tena, na mara hii sikukuweka wewe kwa mizani upande wowote. Kilichobaki upande wa kwenda ni kidogo. Ni kwamba kuna mtu huniandikia akikaa kando yangu, na kwamba nilipowaambia uongo wangu hawakuondoka. Nilisema Mungu akiwa ni wa hivyo, anatosha. Walinivisha nyeupe, Mzee Okello akanishika mkono, tukaingia majini. Mguu wangu mmoja ulielea juu, wakasema irudiwe, kwao lazima mtu azame mzima. Kwa hivyo mimi nilizama mara mbili. Chini ya maji hakuna mtu anasikia. Pale tulikuwa sawa wote.

Baada ya hapo waliniketisha wakaniuliza majina ya watu wa nyumbani. Nilitoa lako kama mke wangu, kwa sababu wewe ni mke wangu na hilo sitalificha. Lakini nilimwambia Mzee Okello aandike chini yake, na nikasimama juu ya daftari mpaka akamaliza: Huyu asiunganishwe na mimi, akiwa hai wala akiwa amekufa, mpaka aseme mwenyewe. Mzee Okello aliandika akanieleza tena kwamba huko roho itaulizwa na inaweza kukataa, kwa hivyo hakuna hasara. Nikamwambia mwanangu, huyu mwanamke ameshaulizwa na ameshajibu. Hatasumbuliwa mara ya pili kwa sababu tu akiwa huko hawezi kuandika barua. Nimeweka sahihi, na mwenye miwani ameweka sahihi, na nikifa kabla yako Kavutha anajua.

Wakaniuliza pia juu ya wafu wangu, kama nataka kuanza na mama. Niliinua mkono niseme ndiyo, ni mama yangu, nani wa kunizuia? Halafu nikaona sijui kama angependa. Nilijaribu kumfikiria akijibu na sikuweza kusikia hata sauti, na si kwa sababu ya masikio. Kwa hivyo jina lake sijawapa. Wewe ndiye uliyeishi naye. Ukisema angetaka, nitampeleka. Ukisema hangetaka, nitamwacha alale. Ukinyamaza pia nitajua ni hapana.

Nitafika tarehe ishirini Desemba, nitaondoka Januari.

Ngui